Peugeot 404 ya marehemu baba: kipuri gani kichongwe, kipi kiagizwe

*"Nina Peugeot 404 ya mwaka 1966 aliyoiacha marehemu baba. Imekaa bandani hapa Tanga zaidi ya miaka 15. Nimeanza kuifufua mwenyewe jioni na siku za mapumziko, kwa kuipenda tu, si biashara. Bodi si mbaya. Hedi nimeifungua kwa sababu injini ilikuwa imekamata. Sasa imeachia, na kila siku naizungusha kidogo isije ikakamata tena. Shida ni spea. Breki masta na silinda za magurudumu zimeliwa na kutu ndani, raba zake zimelainika zinanata. Bushi za mkono wa gia zimekwisha, gia naitafuta siipati. Kasha la pampu ya maji limetoboka. Tairodi moja ina mchezo. Fundi mmoja wa mashine ananiambia nisihangaike kuagiza Ulaya: nimpe sampuli ya kila kitu atanichongea, na raba za breki atazikata kwenye tyubu ya lori. Anataka pia kumwaga mafuta ya difu aweke 90. Nimwamini? Kipi kinaweza kutengenezwa hapa hapa na kipi lazima niagize?"*

Kabla hatujamjadili fundi wako, naomba uache kuizungusha hiyo injini kuanzia leo. Nia yako ni njema, lakini kwenye injini ya 404 kuzungusha krenki huku hedi imetoka kunaleta hasara. Laina zake, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, hazikusubiwa pamoja na bloku. Zimesimama zenyewe ndani ya bloku, maji yanazizunguka kwa nje, na chini zinakalia sili nyembamba. Kinachozikandamiza zikae mahali pake ni hedi. Hedi ikitoka, pistoni inapopanda huibeba laina kidogo, sili ya chini inaachia, na maji yanapata njia ya kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Utaifunga injini vizuri, itawaka vizuri, na baada ya siku chache utachomoa kijiti cha mafuta ukute rangi ya chai ya maziwa.

Kinga yake ndiyo iwe kazi ya kwanza ya huyo fundi wa mashine: vibanio viwili vya laina. Achukue bapa la chuma la unene wa mm 8 au 10, alitoboe tundu la bolti ya hedi, kisha akate kipande cha bomba kikae kati ya kichwa cha bolti na bapa, ili bolti ikaze kabla haijagota mwisho wa uzi. Kila kibanio kisimame katikati ya laina mbili na kukanyaga ukingo wa kila moja kwa mm 3 hivi, bila kuingia kwenye njia ya pistoni. Na kwa kuwa umeshaizungusha kwa muda, chukulia kwamba sili zimesogea. Laina zitoke, vikalio vyake visafishwe mpaka chuma kionekane, ziwekwe sili mpya, kisha upime kila laina inachomoza kiasi gani juu ya uso wa bloku. Kipimo sahihi kimo kwenye kitabu cha ukarabati cha gari hilo. Kila laina irudi na pistoni yake na upande wake, kwa hiyo zitie alama kabla ya kuzing'oa.

Sasa turudi kwa fundi. Ahadi yake imejengwa juu ya wazo ambalo wengi tunalo: ukiwa na sampuli na mashine ya kukereza, kila kipuri kinawezekana. Umbo kweli linawezekana. Lakini kipuri kina mambo mengine mawili ambayo macho hayayaoni, nayo ni madini yaliyotumika na namna yalivyopikwa. Mkono wa usukani uliofuliwa kiwandani na ule uliokerezwa kutoka kwenye nondo vinaweza kufanana kabisa mezani. Tofauti yake utaiona siku mmoja wao utakapokatika. Kisha kuna jambo la tatu, la kawaida zaidi: sampuli unayompa imeshalika. Akiinakili kwa uaminifu atakuwa amekutengenezea kipuri kibovu kipya. Kwa hiyo swali la kujiuliza kwa kila kitu kwenye orodha yako ni hili: kikivunjika nikiwa barabarani, nitapata usumbufu au nitapoteza usukani na breki? Vya kundi la kwanza chongesha kwa moyo mweupe. Vya kundi la pili vina masharti, na vingine havichongwi kabisa.

Tuanze na breki, maana hapo ndipo fundi wako alipokosea zaidi. Raba ya silinda ya breki inaonekana kama kizibo, lakini inafanya kazi kwa mdomo wake. Ule ukingo mwembamba unaotazama upande wa mafuta ni mpana kidogo kuliko silinda. Ukikanyaga pedali, mafuta yanausukuma mdomo ubane ukuta. Kadiri unavyokanyaga kwa nguvu ndivyo unavyozidi kuziba. Hesabu yake si ndogo. Mguu ukikandamiza kwa kilo 40, na pedali ikizidisha nguvu hiyo mara 5, zinafika kilo 200 kwenye pistoni. Silinda ya kipenyo cha mm 25 ina eneo la karibu sentimita 5 za mraba, kwa hiyo kila sentimita ya mraba inabeba kilo 40, takribani mara 20 ya upepo wa tairi. Duara lililokatwa kwenye tyubu halina mdomo. Ukikanyaga polepole linaweza kushika, na hilo ndilo linalodanganya watu gereji. Siku ya kukanyaga kwa dharura mafuta yanapita pembeni yake na pedali inakwenda mpaka sakafuni. Gari nyingi za miaka hiyo zina mfumo mmoja tu wa breki kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo raba moja ikishindwa, breki ya mguu imekwisha yote.

Usidanganyike pia na oringi za haidroliki zinazouzwa kwa mafungu. Nyingi ni mpira wa naitraili, uliotengenezwa kuvumilia mafuta ya injini na dizeli. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 ni ya jamii ya glaikoli, kitu tofauti kabisa, na mpira huo ukilowa humo huvimba na kulegea. Upande wa pili nao ni hivyo hivyo: raba halisi ya breki ikiguswa na petroli, dizeli au oili huvimba na kung'ang'ania ndani ya silinda. Ndiyo maana vipande vya breki huoshwa kwa spiriti au kwa mafuta ya breki yenyewe. Raba zako zilizolainika zinanata huenda zilishawahi kukutana na mafuta yasiyo yao, kwa hiyo usibakize hata moja, na mipira ya breki ya kwenda magurudumuni uitupe pamoja nazo.

Raba, basi, unaagiza. Mara nyingi ukubwa umechapwa kwenye raba yenyewe au mwilini mwa silinda, kwa milimita au kwa inchi (inchi 1 ni mm 25.4). Pamefutika? Pima pistoni kwa maikromita pamoja na sehemu ya silinda ambayo raba haikupita, ile iliyo karibu na mdomo. Raba za vipenyo vya kawaida bado zinatengenezwa kwa sababu zinaingia kwenye gari nyingi. Ni ndogo na nyepesi, kwa hiyo kuzisafirisha si gharama ya kutisha.

Silinda zenyewe ni habari njema. Kama kutu ni madoa tu, mawe ya kusugulia silinda yataisafisha. Ila ukipitisha ukucha ukahisi shimo, usiendelee kusugua ukidhani utalimaliza. Utapanua silinda na shimo litabaki. Hapo inavishwa slivu, yaani bomba jembamba la kuingizwa ndani yake, na hiyo ni kazi ambayo mkerezaji makini wa Tanga au Dar anaiweza. Silinda ya mm 25.4 inatanuliwa hadi mm 29 hivi, inaingizwa slivu ya shaba ya njano au ya chuma kisichoshika kutu, yenye ukuta wa karibu mm 2, kwa kukazwa na gundi ya kufungia bushi. Baada ya hapo ndani inakerezwa na kusuguliwa irudi kwenye kipenyo cha asili, ikiwa laini kama kioo. Nafasi kati ya pistoni na ukuta isizidi mm 0.1. Ikizidi, mdomo wa raba unasukumwa kwenye ule mwanya na kung'atwa kidogo kidogo. Shaba inakerezeka kwa urahisi, na kwa gari la kutembelea Jumapili inatosha kabisa.

Sehemu inayowashinda wengi ni matundu. Slivu ikishaingia imeziba njia za mafuta, zinabidi zitobolewe upya. Breki masta kwa kawaida ina tundu kubwa na jingine dogo sana, chini ya milimita moja. Hilo dogo ndilo linaloyaacha mafuta yarudi kwenye kikombe yanapopata moto na kupanuka. Likisahauliwa, au raba ikasimama juu yake kwa sababu fimbo ya pedali imekazwa mno, breki zitajikamata zenyewe baada ya kilomita chache na dramu zitachemka. Liwe mahali pale pale lilipokuwa kwa vipimo vilivyochukuliwa kabla ya kutanua silinda. Na makali ya tundu upande wa ndani yaondolewe, maana kinyuzi kidogo cha chuma kitakata raba mpya siku hiyo hiyo. Mwombe fundi akuonyeshe kwa tochi kabla hujalipa.

Bushi za gia ndipo fundi wako atakapong'ara. Mkono wa gia wa 404 uko kwenye shina la usukani, na kati yake na gia boksi kuna viungo kadhaa. Kila kiungo kikilika nusu milimita, mwisho wa mkono unakuwa na mchezo wa sentimita kadhaa, ndiyo maana unaitafuta gia huipati. Chongesha bushi zote kwa pamoja. Penye mzigo na grisi tumia bronzi ya bati. Palipokuwa na plastiki tumia asetali kuliko nailoni, kwa sababu nailoni hunywa unyevu na kuvimba, na hewa ya pwani haina huruma. Mpe fundi pini inayoingia pamoja na tundu linaloipokea. Bushi kuukuu aione tu kwa ajili ya urefu na umbo. Pini nayo ikiwa imelika upande mmoja, ikerezwe upya kwanza.

Kwa bushi ya bronzi ya kipenyo cha nje mm 16, nje izidi tundu kwa mm 0.02 hadi 0.03 ili ikae kwa kukazwa. Ikishasukumwa ndani, tundu lake la kati hujibana kidogo. Hapo ndipo wengi wanakwama: bushi ilipita vizuri kwenye pini mezani, ikikazwa haipiti, basi mtu anaichukua pini anaisugua kwa msasa. Tundu la kati liachwe dogo makusudi, limaliziwe kwa rima (kifaa cha kupanua tundu kidogo kidogo) bushi ikiwa tayari mahali pake, libaki na nafasi ya mm 0.03 hadi 0.05 kwa pini ya mm 12. Na ukichongesha bushi za stata, kumbuka zile za kiwandani kwa kawaida ni za unga wa bronzi uliobanwa, zinanyonya oili na kuitoa taratibu. Ukipata za aina hiyo ziloweke kwenye oili ya injini usiku kucha. Ukitumia bronzi ngumu, fundi achimbe mfereji mdogo wa oili ndani.

Kasha la pampu ya maji lijaribu kwanza kwa sumaku. Isiposhika ni alumini, na tundu dogo huzibwa na fundi wa kuchomelea kwa gesi ya agoni, mradi kasha limechemshwa na kukaushwa vizuri, kwani alumini iliyonywa uchafu haikubali. Fundi akianza kusema asubu jipya, hapo kuna mambo ya kujua. Alumini ikipoa kutoka kwenye uyeyuko hadi kuwa ngumu na baridi hunywea kwa takribani asilimia 1.3. Ukitumia kasha la zamani kama kielelezo kwenye mchanga, upana wa mm 100 utakupa mm 98.7, na matundu ya bolti hayatakutana. Kwa hiyo kielelezo kinenepeshwe kwa pati, na nyuso zote zitakazokerezwa ziongezwe mm 3 zaidi. Malighafi nzuri ni pistoni chakavu, maana zina silikoni inayosaidia kujaa kwenye kalibu. Sufuria na fremu za madirisha hutoa kitu laini chenye vinyweleo. Mchanga na vyombo vyenye unyevu ndivyo vinavyotia vipovu ndani ya alumini, na vipovu hivyo huonekana wakati wa kukereza au, vibaya zaidi, kasha likishaanza kuvuja. Kabla ya kulifunga, zibeni matundu yote, litieni upepo wa baa 1 na kulizamisha kwenye ndoo ya maji. Povu lolote, hata la kuchungulia, linalirudisha kwa fundi.

Lililolitoboa kasha hilo, kwa uwezekano mkubwa, ni maji matupu, na kama ni ya kisima cha pwani yenye chumvi ndiyo kabisa. Hedi ya gari hiyo pia ni alumini. Injini ikirudi, tia kulanti yenye kinga ya kutu, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke.

Tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu, haichongwi wala haichomelewi. Kipande hicho kimefuliwa ili nyuzi za chuma zifuate umbo lake, kisha kikapikwa kwa kiwango maalum ili kiwe kigumu lakini kisivunjike ghafla. Moto wa kuchomelea unaharibu mapishi hayo pembeni mwa weldi, na ufa huanzia hapo hapo, polepole, bila dalili. Hii ni ya kuagiza. Akikuletea mtu ya gari jingine akisema "inaingia", pima mchongoko wa mkia wake, uzi wake, na urefu toka katikati hadi katikati. Mkia ukikaa vibaya kwenye tundu lake unatingishika mpaka unakatika. Paka rangi ya kalamu kwenye mkia, uingize, uzungushe, utoe: rangi ifutike karibu kote, siyo pete moja ya juu au ya chini.

Vya kuagiza vinapatikana. 404 ilishinda Safari Rally, mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na miwili ya katikati dereva alikuwa Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania. Gari yenye historia hiyo ina wapenzi mpaka leo. L'Aventure Peugeot, jumuiya ya Ufaransa yenye makumbusho huko Sochaux, huuza vipuri vya Peugeot za zamani, na wafanyabiashara binafsi wa Ulaya wapo pia. Nairobi bado kuna maonyesho ya kila mwaka ya magari ya zamani, na mafundi waliokulia kwenye 404 na 504 hawajaisha. Andika orodha yako yote kwanza, uagize kwa mkupuo mmoja: sili za laina, gasketi ya hedi, raba, mipira ya breki, tairodi. Gasketi ya hedi usithubutu kuikata mwenyewe. Gasketi za karatasi za pampu na vifuniko kata tu, na washa za shaba nyekundu zipashe moto mpaka ziwe nyekundu iliyofifia kisha zipoe, zitalainika na kuziba tena.

Kuhusu difu, yale makasha ya gia kwenye ekseli ya nyuma, mzuie fundi mpaka muelewane. "90" inaeleza uzito wa mafuta tu. Haisemi kuna dawa gani ndani. Difu ya 404 haina meno ya kawaida ya chuma kwa chuma: ni skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la bronzi. Mafuta mengi ya 90 yaliyoko madukani ni ya daraja la GL-5, yenye dawa ya salfa na fosforasi ya kulinda chuma, na dawa hiyo ikipata moto huishambulia bronzi. Gurudumu hilo ni ghali na halichongwi mtaani. Tafuta mafuta ambayo mtengenezaji ameandika wazi kuwa yanafaa kwa bronzi au kwa gia za skrubu. Mkimwaga ya zamani, yapitisheni kwenye kitambaa cheupe. Unga mwembamba wa rangi ya dhahabu ni uchakavu wa miaka. Vipande vinavyoshikika kwa vidole vina maana difu ifunguliwe.

Fundi wako, basi, usimwache. Mpe vibanio, bushi, slivu za breki na pampu, kila kimoja na mchoro wenye vipimo na jina la madini, akianza na kipande kimoja ukipime kabla hajamaliza seti. Kama hana maikromita, kazi ya slivu ipeleke kwenye karakana ya SIDO (shirika la serikali la viwanda vidogo) au mahali wanapokereza bloku za injini.

Kuna mambo mawili ambayo hayamaliziki kwa maandishi. Viungo vyote vya usukani vikaguliwe na fundi mzoefu gari likiwa juu, na breki zilizovishwa slivu zijaribiwe na mtu wa pili. Mwenzako akanyage pedali kwa nguvu zake zote kwa dakika moja nzima huku wewe ukipita gurudumu hadi gurudumu, dramu zikiwa zimefungwa, ukiangalia unyevu. Pedali ikizama hata kidogo, gari lisitoke bandani. Isipozama, anza uwanjani kwa kilomita 15 kwa saa, fanya breki mara 10 ukiacha muda kati yake, kisha shika kila dramu: iliyo moto kuliko wenzake inakamata, iliyo baridi haifanyi kazi. Baada ya kilomita 50 fungua dramu zote nne, inua kingo za raba za vumbi na uangalie kama kuna tone.